Nimetia dawa tangi la maji safi la karavani mara mbili, harufu imerudi. Tatizo ni nini hasa?

#1 Magurudumu Sita
Wakuu, salaam.

Nina karavani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na kabla ya hapo ilikaa bandani muda mrefu. Tangi la maji safi ni lita 120, hita ni ya gesi na umeme, lita 23, pampu ni ya volti 12. Siku ya kwanza nilipofungua koki, maji yalitoka na harufu ya dimbwi. Nikamwaga yote, nikajaza upya, nikamimina jiki (blichi ya klorini), nikaacha usiku kucha, asubuhi nikasuuza. Harufu ikaisha kabisa. Siku ya tisa ikarudi.

Nikarudia, safari hii nikazidisha dawa. Ikakaa siku kumi na moja hivi, imerudi tena, na sasa ni ya yai viza. Mke wangu amekataa kupigia mswaki maji ya humo. Simlaumu.

Dai langu ni kwamba jiki haiiwezi kazi hii. Kama ingeiweza, mara mbili zingetosha. Nimesikia habari za siki na za vidonge vya madini ya fedha. Mwenye uzoefu aniambie.

#2 Koki Moja
Tusiihukumu dawa kabla ya kusikia ushahidi. Harufu iko kwenye maji ya moto, ya baridi, au yote mawili? Ulimimina kiasi gani, na chupa inasema asilimia ngapi? Ulifungua koki ZOTE, ya nje ikiwemo, hadi ukasikia harufu ya klorini kwenye kila moja? Chujio ulilitoa?

#3 Magurudumu Sita
Mara ya kwanza kikombe kimoja, mara ya pili viwili. Asilimia sikuangalia, na chupa ilikuwa stoo siku nyingi. Koki nilifungua ya jikoni na ya bafuni. Chujio ni lile la mkaa chini ya sinki, lilikuwemo muda wote. Moto au baridi, kwa kweli sikutofautisha.

#4 Mizani
Kikombe si kipimo, mkuu. Ngoja tupige hesabu, ni nyepesi.

Blichi ya asilimia 5 ina takriban gramu 50 za dawa katika lita, yaani miligramu 50 katika kila mililita. Kiwango kinachotumika sana kwa matangi ya magari haya ni miligramu 50 kwa lita, ikae saa 4. Mwenye haraka anapandisha hadi 100 na kuacha saa 1. Kwa hiyo blichi ya asilimia 5 unatia mililita 1 kwa kila lita ya maji. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, unahitaji karibu mililita 1.4. Ikiwa ni ya 8.25, mililita 0.6 inatosha.

Kwako wewe ni lita 120 za tangi na 23 za hita, ongeza kidogo cha mabomba, tuseme 145. Blichi ya asilimia 5 ungehitaji mililita 145. Kikombe cha mililita 250 kingekupa kama miligramu 86 kwa lita, na viwili kama 172. Kwa hesabu hiyo dawa hukupunja, ulizidisha. Isipokuwa kama ilikuwa imeshakufa. Blichi hupoteza nguvu ikikaa, na joto na mwanga huiharakisha. Chupa ya siku nyingi usiiamini hata kama bado inanuka.

Na iwe ile isiyo na manukato, isiyo nzito, isiyo na sabuni ndani yake.

#5 Mchujaji
Mizani, hesabu yako haina kasoro, ila jibu liko kwenye #3 na umelipita. Chujio la mkaa kazi yake mojawapo ni kuondoa klorini! Dawa imefika hadi kwenye chujio, ikaishia hapo. Bomba zote baada ya chujio hazikuonja kitu. Kasafisha tangi, hajasafisha mabomba.

Na chujio lenyewe limekaa na maji machafu miezi mingi. Mkaa ukichoka ni makazi mazuri ya bakteria. Toa, tupa, weka kopo tupu bila chujio ndani, tia dawa, suuza, ndipo uweke jipya.

#6 Nahodha wa Nchi Kavu
Uzi haujafika jioni na Mchujaji keshamkamata mtuhumiwa, kwa jina lake hilo hilo 😀 Mkuu Magurudumu, pole. Nafuatilia, maana yangu nayo imeanza.

#7 mama wa njiani
Yai viza si tangi, yai viza ni hita. Nimeishi ndani ya gari-nyumba miaka minne na ugonjwa huu nimeuuguza mwenyewe.

Hita nyingi za chuma huwa na fimbo ya magnesi ndani, ile inayotoka pamoja na kizibo cha kumwagia maji. Kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi la hita lisiliwe. Sasa kuna bakteria wasiohitaji hewa, wanaotumia salfeti iliyomo kwenye maji na kutoa haidrojeni salfaidi. Ndiyo gesi ya yai viza. Fimbo ya magnesi inapolika inawawekea mazingira wanayoyapenda. Maji yakikaa humo vuguvugu, bila kutumika siku kadhaa, unafungua koki ya moto na nyumba nzima inanuka.

Mimi nilitia dawa tangi kubwa mara tatu nikidhani ndilo. Siku nilipofungua hita nikakuta matope meupe yenye chengachenga na fimbo imebaki waya. Nikaisuuza, nikatia dawa ndani ya hita yenyewe, nikaweka fimbo mpya. Harufu ikakata.

Tafadhali, yeyote anayetaka kufungua: zima gesi, zima umeme wa hita, acha maji yapoe, punguza presha kwa kufungua koki ya moto, ndipo uguse kizibo. Kikitoka na maji ya moto yenye presha kinakubabua. Na usiwashe umeme wa hita kabla haijajaa tena. Koili yake ikiwaka pasipo maji inaungua mara moja.

#8 Tulia Kwanza
Mama, hapo sikubaliani. Klorini usiingize kwenye hita. Inakula chuma na alumini. Hita zina valvu za kupitisha maji pembeni, geuza, sehemu ya hita iache nje, mabomba mengine yote yapate dawa. Mimi nafanya hivyo kila mwaka na hita yangu bado nzima.

#9 mama wa njiani
Ukiiacha nje, umewaacha walewale unaowatafuta! Saa nne za miligramu 50 kisha ukasuuza vizuri hazitoboi tangi. Kinachotoboa ni kumwaga vikombe bila hesabu na kuacha siku mbili. Wenye hofu wachomoe fimbo wakati wa dawa, waweke kizibo kitupu, wairudishe baada ya kusuuza. Hita za alumini hazina fimbo kabisa, zina kizibo cha plastiki, kwa hiyo kwanza jua yako ni ipi.

Ila fimbo usiiondoe moja kwa moja ili kukwepa harufu, kama wengine wanavyoshauri. Ukiiondoa, kutu inahamia kwenye tangi. Kama maji unayojaza yana salfeti nyingi, kuna fimbo za alumini yenye zinki, hizo hupunguza tatizo.

#10 Mizani
Swali kwa mama. Hita hizi nyingi hufika nyuzi 60 hivi. Kwa joto hilo bakteria wengi hufa. Wanaishije humo?

#11 Magurudumu Sita
Mizani, sisi tunawasha dakika ishirini kabla ya kuoga, tunazima. Siku nyingine hatuwashi.

#12 mama wa njiani
Jibu ndilo hilo. Hapo haiui, inawapashia moto.

#13 Binti Mvuke
Hili la vuguvugu tulichukulie kwa uzito kuliko harufu. Kuna bakteria aitwaye Legionella pia, na huyo hanuki. Anastawi kati ya nyuzi 20 na 45, akipita 60 anakufa. Ndiye aliyesababisha mlipuko wa nimonia kwenye mkutano wa maveterani hotelini Philadelphia, Marekani, 1976. Maji yaliyotuama, joto la wastani, mabomba yenye utando ndani: gari lililokaa bandani lina vyote vitatu.

#14 Nahodha wa Nchi Kavu
Dada, basi kunywa tusinywe humo hadi lini? Na huyo bakteria si aligunduliwa mwaka huohuo 76?

#15 Binti Mvuke
Mlipuko ulikuwa Julai 1976, bakteria mwenyewe akatambuliwa mwanzoni mwa 1977. Na njia yake kuu si kunywa. Ni kuvuta pumzi yenye matone madogo, kwa mfano ukiwa chini ya shawa. Watu wengi hununua maji ya kunywa ya chupa wakajiona wamemaliza, halafu wanaoga humohumo milango imefungwa. Mkuu Magurudumu, kichwa cha shawa na mpira wake vitoe uviloweke kwenye dawa. Na mkianza kufungulia maji yaliyolala muda mrefu, fungulieni taratibu, dirisha likiwa wazi, watoto wasiwepo.

#16 Siafu
Wakuu mimi naona mnazunguka. Jiki ikichanganywa na siki kidogo inakuwa na nguvu mara nyingi zaidi. Ongeza siki humo, umemaliza.

#17 Binti Mvuke
HAPANA. Siafu, tafadhali hariri hilo sasa hivi kabla mtu hajalifanya. Blichi na asidi yoyote, siki ikiwemo, hutoa gesi ya klorini. Ndani ya gari dogo lililofungwa ni hatari kubwa. Na blichi na amonia vilevile, zinatoa kloramini, nayo ni gesi ya sumu. Kanuni ni moja tu: blichi na maji, basi.

#18 Mizani
Niongezee maana Siafu hakuitoa hewani. Ni kweli klorini hufanya kazi vizuri zaidi pH ikiwa chini, yaani maji yakielekea uasidi. Karibu na 7.5 nusu iko kwenye umbo lenye makali na nusu kwenye umbo dhaifu. Ila kuchezea pH kwa chupa ya siki ni kazi ya kuwaacha wenye vifaa. Siki ina kazi yake tofauti, kulainisha magamba ya chokaa kwenye hita. Iende peke yake, imwagwe, isuuzwe kabisa, ndipo blichi ije siku nyingine.

#19 Koki Moja
Mimi hili limenikuta. Nilitia siki kwenye mfumo, nikamwaga, nikasuuza mara moja tu nikijua imetosha, kisha nikajaza maji ya blichi. Nilipofungua koki ya bafuni macho yakawaka na kifua kikabana. Nilitoka mbio nikakaa nje nusu saa nikikohoa. Kwenye bomba siki ilikuwa imebaki mahali ambapo maji hayapiti sana. Toka siku hiyo nasuuza mara tatu, kila koki.

#20 Siafu
Nimeshindwa kuhariri, muda umepita. Nimemwomba msimamizi aifute. Asanteni, nilisikia tu kwa mtu na nilikuwa nimepanga kufanya wikiendi hii.

#21 Kifuniko
Kuhusu vidonge vya fedha vilivyoulizwa #1, vimesahaulika. Fedha hutunza maji ambayo tayari ni safi, na inafanya kazi polepole. Haisafishi tangi chafu. Ukivitia kwenye tangi lenye utando ni kama kufunga mlango mwizi akiwa ndani.

Na hapo kwenye utando ndipo mimi ninaposimama. Mnabishana hita na chujio, lakini ukipitisha kidole ndani ya tangi au bomba la zamani unakuta utelezi. Ule ni utando wa bakteria waliojijengea ngome. Klorini inaua walio juu, inatumika ikaisha, walio chini wanabaki. Baada ya siku tisa au kumi wameshazaana tena. Ona alivyoandika: siku 9, kisha siku 11. Dawa iliongezwa mara mbili, akapata nafuu ya siku mbili tu.

Mpira wa kujazia maji nao? Unauhifadhije?

#22 Magurudumu Sita
Kifuniko, mpira naukunja ukiwa na maji ndani, unakaa kwenye sanduku la pembeni. Ncha ziko wazi. Sikuwahi kuufikiria.

#23 Kifuniko
Basi kila ukijaza tangi safi unalipandikizia mbegu upya. Sanduku lenye jua, mpira wenye maji, ncha wazi wadudu wanaingia. Nunua wa maji ya kunywa, umwage wote kila ukimaliza, unganisha ncha zake mbili. Na siku ya dawa, maji ya dawa yapitie kwenye mpira huohuo.

#24 Tulia Kwanza
Kwa utando kuna njia ya kuutikisa. Jaza robo tangi, tia dawa, endesha gari barabara yenye mabonde. Maji yanapigapiga kuta.

#25 Mizani
Robo tangi haigusi dari ya tangi kwa saa nne mfululizo, na utando hupenda pale juu kwenye unyevu. Jaza hadi yamwagike kwenye tundu la hewa, maana bomba hilo la hewa nalo ni chafu. Ila ukiendesha likiwa limejaa kumbuka lita 120 ni kilo 120.

#26 Tulia Kwanza
Jaza hadi juu saa nne, kisha punguza uendeshe. Tusigombane, yote mawili yanawezekana.

#27 Nahodha wa Nchi Kavu
Naomba kuchepuka kidogo: unajuaje umefika 50? Nina vile vijikaratasi vya kupimia bwawa la kuogelea, vinaishia 10. Vyote vinabadilika rangi hadi mwisho.

#28 Mizani
Chukua sehemu 1 ya maji ya tangi, changanya na sehemu 9 za maji yaliyotoneshwa, pima, zidisha kwa kumi. Ukisoma 5 umefika 50. Pima mwanzo na pima baada ya saa nne. Ikiwa imeshuka sana, maana yake dawa imekuta uchafu mwingi ikatumika yote, rudia. Kipimo cha pili ndicho watu hawakifanyi, na ndicho kinachosema ukweli. Na baada ya kusuuza pima tena bila kuzimua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni klorini isizidi miligramu 5 kwa lita kwenye maji ya kunywa.

Dawa za bwawa zenyewe ziacheni hukohuko. Vidonge vingi vya bwawa vina asidi ya sianuriki, havikutengenezwa kwa tangi la maji ya kunywa.

#29 Binti Mvuke
Na maji hayo ya dawa mnamwaga wapi? Nimeona watu wanafungua kizibo chini ya gari kando ya kijito. Miligramu 50 inaua samaki. Yaingie kwenye tangi la maji machafu, yakamwagwe sehemu iliyotengwa. Ukitaka kuiua klorini kabla ya kumwaga, vitamini C inaiua: gramu 2.5 hivi kwa kila gramu ya klorini. Lita 145 zenye 50 zina gramu 7.25 za klorini, kwa hiyo unga wa vitamini C gramu 18 au 19.

#30 Koki Moja
Kabla hajabomoa chochote afanye jaribio la glasi. Asubuhi, maji yakiwa yamelala usiku kucha, ajaze glasi ya baridi na glasi ya moto, atoke nazo NJE, anuse huko. Wengi wanapiga vita tangi kumbe harufu inatoka kwenye kona ya U chini ya sinki, inapanda maji yanapomwagika. Na kuna koki ya nje ambayo hajatujibu.

#31 Magurudumu Sita
Nimerudi, samahani kwa ukimya. Nimefanya jaribio asubuhi tatu.

Asubuhi ya kwanza: baridi ya jikoni, nje, hainuki kabisa. Ya moto, yai viza tupu. Nikasema mama wa njiani ameshinda.

Asubuhi ya pili nikaitafuta koki ya nje. Ipo! Nyuma ya kimlango kidogo karibu na gurudumu, shawa ya nje na mpira wake, haijafunguliwa tangu niinunue karavani. Yametoka maji meusi yenye vipande laini, harufu ya dimbwi ileile ya siku ya kwanza. Si yai viza.

Jana jioni nikajaza tangi kwa mpira uleule. Asubuhi ya tatu glasi ya kwanza ya baridi inanuka, ya pili hainuki.

#32 Kifuniko
Mpira.

#33 Mchujaji
Glasi ya kwanza ndiyo maji yaliyolala kwenye chujio usiku kucha. Chujio.

#34 mama wa njiani
Ya moto inanuka yai. Mnataka ushahidi gani tena?

#35 Tulia Kwanza
Au maji ya huko anakojaza yana salfaidi yenyewe. Kuna visima vya namna hiyo. Jana alijaza wapi, na kabla ya hapo?

#36 Magurudumu Sita
Mahali tofauti, mkuu. Jana ni kisima.

Leo mchana nimefungua hita kama mama alivyoelekeza, imezimwa, imepoa. Fimbo imebaki waya na vipande viwili. Matope meupe kama alivyosema. Chokaa ni nyingi, kwa hiyo nafikiri siki kwanza kwenye hita peke yake, isuuzwe mara tatu kila koki, ya nje ikiwemo, kisha siku nyingine blichi mpya mililita 145, chujio likiwa nje. Nimekosea wapi?

#37 Mizani
Hujakosea. Ila badilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha fimbo, mpira na chujio siku moja, harufu ikiisha hutajua ilikuwa ipi, na ikirudi utaanza upya.

#38 mama wa njiani
Mizani, wale wanaoga humo kila siku. Abadilishe vyote.

#39 Binti Mvuke
Naungana na mama. Na ile shawa ya nje, kama haitumiki, bomba lake likatwe lizibwe karibu na njia kuu. Maji yaliyokufa pale yanaweza kurudi kwenye njia kuu.

#40 Koki Moja
Asiikate bado, aioshe aone. Mimi natumia yangu kuoshea miguu kila siku.

#41 Magurudumu Sita
Mpira mpya nimeshapata, fimbo naisubiri. Jumamosi naanza na siki. Nitapima klorini mwanzo na mwisho wa saa nne, nitaleta namba hapa.